Nani Anayekimbiza Wimbo

Jumatatu, 4 Machi

Mhariri wa gazeti amenijibu. Anasema barua yangu ya tisa mwaka huu ni ndefu kuliko tangazo la zabuni, kwa hiyo nipumzike kidogo, na wasomaji nao wapumzike. Mwaka wenyewe una miezi miwili tu. Sawa. Nitaandika humu, ambamo hakuna mhariri.

Mvua imeanza leo mchana. Nilikuwa mezani kwangu kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, nasoma prufu, zile nakala za kusahihishwa, za kitabu cha jiografia cha shule za msingi, na ukurasa wa arobaini na moja unadai mvua hunyesha kwa mpangilio maalumu. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: mpangilio wa nani? Meneja akapita, akasoma juu ya bega langu.

"Mama, wewe sahihisha nukta. Usisahihishe fikra."

Nikamwambia miaka kumi na tisa nasahihisha nukta za watu wasio na fikra. Akacheka, akaenda zake. Ameshanizoea, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi tunaanza kurekodi. Nyimbo kumi, zote nimetunga mimi, na kwa miaka ishirini na mbili tumeziimba mimi na Shemeji, mume wa dada yangu. Mimi gita na sauti, yeye ngoma. Harusi, mikutano ya ushirika, walimu wanaostaafu, zahanati zinazofunguliwa. Wimbo ukiisha watu wanakwenda kula, na wimbo haupo tena. Nina miaka hamsini na moja. Asubuhi koo langu linalia kama bawaba, nalilainisha kwa maji moto ndipo nisalimie watu. Nataka nyimbo hizi zikae mahali kabla koo halijafunga.

Jumamosi, 9 Machi

Studio ni chumba kimoja nyuma ya duka la matairi. Kuta zimebandikwa trei za mayai, na paa ni la bati. Yaani mtu amejenga studio akaiezeka ngoma juu. Mvua ikigusa bati tunaacha, tunakaa, tunatazamana. Leo katika saa nne tumerekodi dakika arobaini.

Mwenye studio tunamwita Kimya, kwa sababu kila mara kabla ya kubonyeza kitufe huinua kidole na kusema "kimya" kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Ana mimba, anakaa upande upande mbele ya kompyuta maana tumbo halimruhusu kuielekea. Anajifungua katikati ya Mei. "Nikijifungua nafunga mwaka mzima," ametuambia. "Mnachokitaka mkipate kabla."

Mwishoni akatusikilizisha "Ngazi ya Nyuma". Huu ndio wimbo wangu niupendao, unawahusu wanawake wanaosafisha maofisi na hawaruhusiwi kupita mlango wa mbele. Beti kumi. Kimya akaweka kidole kwenye kioo.

"Mmeanza na mapigo tisini na mawili kwa dakika. Mmemaliza na mia na nane. Mnakimbia."

Nikamtazama Shemeji. Yeye akaitazama ngoma yake.

"Nilijua," nikasema. "Nimemwambia miaka yote. Hata jukwaani huwa nawaambia watu, mshikeni huyu, ana haraka zake."

"Pole, shemeji," akasema Shemeji.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Prufu. Koo.

Jumamosi, 16 Machi

Kimya ametuvalisha hedifoni zenye mlio wa kuhesabu mwendo, tik, tik, tik, ili tuufuate sote wawili. Shemeji alivumilia nusu wimbo, akazivua.

"Hiki kitu kinanigongea mlango na mimi nimo chooni."

Kimya alicheka mpaka akashika mgongo. Tulijaribu mara sita. Kila mara Shemeji aliupoteza ule mlio na kunifuata mimi. Alipoulizwa kwa nini, akasema amezoea kusikiliza mtu.

Yeye ni fundi cherehani, yaani fundi wa kutengeneza cherehani zenyewe, na mikono yake ina akili kuliko vichwa vingi ninavyovisahihisha. Lakini mikono yenye akili nayo inaweza kuwa na haraka. Hapo ndipo Kimya aliponiita pembeni akaniambia kwamba anaweza kutengeneza ngoma kwa kompyuta. Mwendo utakuwa mmoja mwanzo hadi mwisho, na tutamaliza kabla ya tumbo lake.

Mwaka juzi niliandika gazetini makala nzima dhidi ya ngoma za kompyuta. Niliziita ngoma za plastiki. Niliandika kwamba mwanamuziki anayemwondoa mpigaji na kuweka mashine amemfukuza mtu kazi na kujiita mbunifu. Watu kumi na saba waliniandikia kunipongeza.

Leo nilipoulizwa sikusema hapana. Nilisema nitafikiria.

Jumapili, 17 Machi

Harusi, mchana. Mshereheshaji ametutambulisha kama "burudani ya asili". Nataka siku moja mtu anieleze hiyo asili ni ya nani na imeishia wapi. Wimbo niliotunga mwaka jana juu ya meza yenye kompyuta unaitwa wa asili kwa sababu nimefunga kitambaa kichwani. Nimemwambia hayo mshereheshaji. Akatangaza kwamba mama yetu ni mcheshi sana.

Kwenye pikapu ya kurudi nilimwambia Shemeji, "Umekimbia tena. Ubeti wa tatu."

"Pole, shemeji."

Pole yake inanichosha kuliko kosa lake. Mtu akikupinga unapata pa kushika.

Jumatano, 20 Machi

Nimeandika barua kwa Shemeji. Kurasa nne, hoja kumi na mbili, kila moja na namba yake na mfano wake: harusi ipi, wimbo upi, ubeti upi. Nimesema kwa heshima kwamba kurekodi si sawa na kutumbuiza. Nimesema namba za Kimya hazina undugu. Nimemalizia kwa kumtaka apumzike katika albamu hii, na tuendelee pamoja kwenye shughuli.

Ningeweza kumwambia kwa mdomo. Lakini kwa mdomo angesema pole, nami ningelegea. Kwenye karatasi silegei.

Nimeisoma mara tatu. Haina kosa hata moja. Nimeipenyeza chini ya mlango wa karakana yake saa sita mchana, akiwa ametoka kula.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeimba na mashine. Ngoma za kompyuta zinatoka safi kama sahani ya hoteli. Kimya hakuuliza Shemeji yuko wapi, nami sikusema.

Jumapili, 24 Machi

Dada alikuja saa nne asubuhi. Mwavuli umepinduka, viatu kavishika mkononi. Hakukaa. Alitoa bahasha yangu kwenye mkoba akaiweka mezani.

"Umeandika vizuri," akasema. "Nukta zote zipo."

"Amekupa uisome?"

"Amenipa nimsomee."

Sikuelewa. Akaniona sijaelewa, akavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kubeba gunia.

"Unajua mume wangu aliishia darasa la ngapi?"

"La saba."

"La pili. Anasoma namba za cherehani na majina ya wanawe. Barua ya kurasa nne ananipa mimi. Nimekaa jikoni nikamsomea mume wangu kwa mdomo wangu huu, hoja ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Ya tano nilitaka kuiruka. Akaniambia usiruke, mwenzio kaipanga."

"Akasema nini?"

"Akasema nirudie ile ya tisa."

Hoja ya tisa inasema kwamba mpigaji asiyejisikia mwenyewe ni mzigo kwa anayepigiwa. Nilikuwa nimejipongeza kwa sentensi hiyo.

"Halafu?"

"Halafu akasema kumbe umechoka naye, bora apumzike. Akaenda kulala. Saa moja jioni. Tangu anioe sijamwona kitandani saa moja, hata alipougua."

Nikamwambia Dada kwamba kazi ni kazi, na kwamba Kimya amepima kwa mashine, na namba zinasema.

"Mimi namba sizijui," akasema. Akazitazama rafu zangu, vitabu mpaka darini. "Umesoma vyote hivi. Miaka ishirini na mbili unakaa na mtu, unampa karatasi za maneno ya nyimbo anazikunja anatia mfukoni, na hujajua kwamba hasomi."

"Hakuniambia."

"Akuambie vipi? Wewe unaambiwa?"

Akavaa viatu vikiwa vimelowa vile vile, akatoka. Chai niliyomwekea niliinywa mimi, ilikuwa imepoa.

Ijumaa, 29 Machi

Meneja ameniuliza kama naumwa. Nimemrudishia prufu za kurasa sitini bila neno pembeni.

Jumamosi, 6 Aprili

Nyimbo tano zimekwisha kwa mashine, ila "Ngazi ya Nyuma" imekataa. Nikifika ubeti wa tatu, pale msimamizi anapomwambia mwanamke arudi akafute nyayo zake mwenyewe, mimi na mashine tunaachana.

"Mama, rudi," Kimya anasema kwenye hedifoni. "Rudi. Umeondoka."

"Mashine yako inachelewa."

"Mama, mashine haina uvivu."

Nikamwambia kwamba watengenezaji wa mitambo hii hawajawahi kuimba, kwamba mwendo wa binadamu si wa saa ya ukutani, na kwamba kuna vitabu juu ya jambo hili. Akanisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo.

"Sawa," akasema. "Kimya."

Mara kumi na nne. Ya kumi na tano mvua ikapiga bati, na kwa mara ya kwanza nimeishukuru.

Jumanne, 9 Aprili

Nimempigia Dada. Hapokei. Shemeji simpigii, sijui nitaanza na neno gani.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua tangu asubuhi, hakuna kurekodi. Nilikwenda hivyo hivyo kwa sababu nyumbani kuna bahasha juu ya meza. Kimya alikuwa anapanga mafaili yake kabla ya kufunga, akaifungua ile rekodi ya siku ya kwanza. Akanipa hedifoni, maana kwa kelele za bati usingesikia kitu.

Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Kila mtu alikuwa na maiki yake siku ile.

"Huu wa juu ni wewe," akasema karibu na sikio langu. "Wa chini ni mzee. Msikilize mzee peke yake."

Nilimsikiliza. Katika miaka ishirini na mbili sijawahi kumsikia Shemeji peke yake. Anapiga ametulia kabisa, beti mbili nzima, kama mtu anayetembea kwenda kazini na muda anao. Kisha anaharakisha hatua tatu nne, anatulia. Anaharakisha tena, anatulia.

"Haya, sasa ongeza na wewe." Akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa wewe umeondoka. Mzee bado yuko hapa. Hapa amekuona. Hapa anakimbia, anakufikia, anapoa. Wewe unaondoka tena."

"Labda ni waya. Maiki yake ilikuwa mbali."

Hakubishana. Akafungua wimbo wa pili, kisha wa tatu. Nilidai afungue na wa harusi, ule wa polepole ambao hata bibi harusi husinzia. Kote yule yule anaondoka na yule yule anamfuata.

"Anakufukuza, mama," Kimya akasema. "Kila wimbo. Angekuwa mwingine angekuacha huko huko mbele."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile ile.

"Niliwaambia mnakimbia. Wewe ndiye uliyemtazama mzee."

Kazi yangu ni kuona makosa. Nalipwa mshahara kwa kuyaona. Nilivua hedifoni, bati likarudi masikioni kwa kishindo, tukakaa, yeye na tumbo lake na mimi, mpaka mvua ikakatika.

Jumapili, 14 Aprili

Sina la kuandika.

Jumamosi, 20 Aprili

Mwalimu mkuu anastaafu, tulikuwa tumeahidi tangu Januari. Nimekwenda peke yangu na gita. Walimu waliniuliza mpigaji yuko wapi, nikasema ana kazi.

Nilijichunga nyimbo tatu za mwanzo, najihesabia kichwani kama mtoto wa chekechea. Kisha nikafika "Ngazi ya Nyuma". Wanawake wa jikoni walikuwa wametoka na aproni zao kucheza, wimbo ni wao. Ubeti wa kwanza walikuwa nami. Ubeti wa tatu nikamwona mmoja miguu inamchanganya, anajitazama chini kana kwamba kosa ni la viatu. Ubeti wa tano walikuwa wamesimama. Nilijua, na sikuweza kurudi. Ni kama kushuka mlima, miguu inakwenda yenyewe. Wimbo wa dakika tano umeisha kwa nne.

Mpishi mkubwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiwanja cha mpira, akaniuliza mbele za watu, "Dada, kuna gari linakusubiri?"

Wakacheka. Nikacheka nao. Kichwani nilikuwa najiuliza ni mara ngapi nimemtupia Shemeji mzaha wa namna hii jukwaani, watu wakacheka, naye akatabasamu akiwa na jasho la kunifukuza mimi.

Jumatano, 24 Aprili

Nimekwenda karakanani baada ya kazi. Alikuwa ameinamia cherehani ya kukanyaga, ameifungua tumbo, anazungusha gurudumu kwa kidole na kusikiliza. Aliniona akanisogezea stuli kwa mguu. Nilikuwa nimeandika hotuba, nikaiacha mfukoni.

"Shemeji, ni mimi ninayekimbia."

Akaendelea kuzungusha gurudumu. "Ndiyo."

"Ulijua?"

"Tangu ile harusi ya kwanza. Ya yule bwana mwenye koti la kijani."

"Na hukusema."

"Ningesema ungeandika barua."

Alisema bila kucheka, na sijui mpaka sasa kama ulikuwa mzaha. Nikamuuliza kwa nini alikuwa anasema pole.

"Niseme nini? Watu wanacheza. Wakiona sisi wawili tunabishana, wataacha kucheza. Nikisema pole, tunaendelea." Akatia tone la mafuta mahali nisipopaona. "Wewe ukikasirika unakimbia. Ubeti wa tatu unakasirika. Si kosa, ndivyo ulivyo. Mimi nilikuwa nakuja."

"Na hoja ya tisa?"

Hapo akaacha gurudumu.

"Hiyo ya tisa," akasema, "mke wangu alisoma akalia. Mimi sikulia. Nilifikiria tu kwamba magoti yananiuma, na nimekimbia sana."

Nikamwomba radhi. Nilitumia maneno machache, na hata hayo yalitoka mabovu, sauti yangu ya asubuhi ilikuwa imerudi jioni. Nikamwomba aje studio. Nikamwambia zimebaki Jumamosi mbili tu, na zile nyimbo za mashine nitazifuta zote.

"Usizifute kwa ajili yangu."

"Nazifuta kwa sababu ni mbovu."

"Hilo ni lako." Akafuta mikono kwa tambara. "Sina hasira, shemeji. Nimechoka. Nitafikiri. Lakini nikija, sikufuati tena. Nitapiga mwendo wangu. Ukikimbia utakuwa huko mbele peke yako."

Ijumaa, 26 Aprili

Hajasema.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua kutwa, bati lingemeza hata honi ya lori. Kimya miguu imemvimba, ameiweka juu ya kreti la soda. Amesema wiki ijayo ndiyo ya mwisho, inyeshe isinyeshe. Nimemwambia afute zile tano. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, akazifuta. Sasa sina kitu.

Jumatatu, 29 Aprili

Hajasema. Prufu za kitabu cha muziki cha sekondari zimenifikia. Ukurasa wa saba: "Mpiga ngoma ndiye mwenye jukumu la kutunza mwendo." Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Nukta zilikuwa sawa, nikafunua ukurasa wa nane.

Jumatano, 1 Mei

Ujumbe wa Dada, wa kwanza tangu ile Jumapili ya bahasha. Maneno manne: "Anauliza Jumamosi saa ngapi."

Jumamosi, 4 Mei

Wingu lilikuwa limekaa juu ya duka la matairi tangu alfajiri, jeusi, halisemi. Shemeji alifika kabla yangu. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, ngoma mbili kati ya magoti, anazungumza na Kimya juu ya cherehani ya mama yake. Kunisalimia alinisalimia kama siku zote.

"Mlio wa kuhesabu?" Kimya akauliza.

"Zima," nikasema.

"Na mkikimbia?"

"Mimi sikimbii," Shemeji akasema, kwa upole kabisa, akinyoosha ngozi ya ngoma kwa kiganja.

Tulirekodi nyimbo tatu bila kusimama. Sitasema zilikwenda vizuri. Nilikuwa kama mtu anayejifunza kutembea kwa fimbo: kila nilipotaka kuondoka nilimtazama, naye hakunitazama, alikuwa ametazama sakafu na mikono yake inatembea. Katika wimbo wa pili niliondoka nikarudi bila mtu kujua, isipokuwa sisi watatu. Katika wa tatu niliondoka kidogo zaidi. Hakuja. Ilikuwa ajabu kuwa kule mbele bila yeye. Nimewahi kufika huko mara elfu na kila mara nilimkuta pembeni, nikadhani ndiye aliyenileta.

Matone mawili yakagonga bati. Kimya akainua kidole, tukasubiri. Hayakuongezeka.

"Moja tu," akasema. "Mgongo umekufa."

"Ngazi ya Nyuma," nikasema.

Beti mbili zilikwenda. Kisha msimamizi akamwambia yule mwanamke arudi akafute nyayo zake, na mimi, ambaye nimeuimba mstari huo kwa miaka, nikaungua vile vile kama siku niliyoutunga, vidole vikaondoka na sauti ikaondoka. Nikasikia ngoma iko nyuma. Mapigo mawili nyuma, ikitembea. Nilingoja ile harakaharaka ya hatua tatu nne. Haikuja. Nikaimba mstari mmoja zaidi nikiwa peke yangu, na ulisikika kama mtu anayefoka katika chumba ambacho wenzake wametoka.

Nikaacha kuimba. Nikanyamazisha nyuzi kwa kiganja.

Shemeji hakuacha. Hakuinua kichwa. Alipiga tu, mwendo ule ule alioanza nao, akamaliza mzunguko mmoja, akaanza mwingine. Nilikuwa sijawahi kusimama ndani ya wimbo wangu. Una nafasi nyingi kuliko nilivyodhani. Wale wanawake wa ngazi, niliodhani nawapigania kwa kukimbia, wanapanda na ndoo mkononi, na mtu mwenye ndoo iliyojaa hakimbii. Mzunguko wa pili ulipoisha nikaingia, pale alipokuwa yeye, na tukapanda nao mpaka ubeti wa kumi.

Kimya alibonyeza kitufe. Akageuza kiti kutuelekea.

"Ile sehemu uliyonyamaza," akasema, "naweza kuikata. Nikiunganisha haitaonekana."

Nilifungua mdomo. Shemeji akanitangulia.

"Iache," akasema.

Mvua ikashuka tukiwa tunafunga vyombo.

Alhamisi, 9 Mei

Kimya amejifungua mtoto wa kike, wiki moja mapema. Studio imefungwa. Nyimbo nne ndizo zilizokaa mahali, sita bado ziko hewani, na koo langu ni lile lile. Meneja ananiuliza albamu gani ina nyimbo nne. Nimemwambia ni hii.

Jumapili, 12 Mei

Dada amekuja na Shemeji. Mvua imekatika tangu juzi na jua la leo limeanika hata kuta. Shemeji alibaki nje kuangalia bawaba ya mlango wangu, anasema inamkera tangu mwaka jana. Dada aliingia, akakaa, mikono kifuani, sura ile ile ya siku ya bahasha.

"Haya, weka huo wimbo."

Nikauweka. Alisikiliza akitazama dirisha. Ubeti wa tatu ukafika, sauti yangu ikaondoka, ikabaki peke yake, ikakatika. Ngoma ikawa inatembea peke yake chumbani.

"Hapa umesahau maneno?"

"Sijasahau. Nilikuwa namsubiri mumeo."

Akageuza kichwa. Nje Shemeji alikuwa anagonga pini, polepole, anasikiliza, anagonga tena. Wimbo ukaisha.

"Rudisha nyuma," Dada akasema. "Pale."

Nikarudisha. Akainama, kiwiko juu ya goti, sikio karibu na spika, akasikiliza mizunguko ile miwili mpaka nilipoingia.

"Rudisha tena," akasema.